Umeandikiwa vipimo kumi na vitatu kabla ya upasuaji? Uliza kila kimoja kinatafuta nini

#1 MtuWaMaabara

Wakuu, salaam.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, huu ni mwaka wa 19 nikiwa kwenye hospitali za wilaya na mkoa hapa Tanzania. Kila mara naona ndugu anaanzisha uzi humu: "Nimepangiwa upasuaji, hivi vipimo vyote hivi ni vya nini?" Majibu anayopata huwa mawili tu. Wa kwanza anamwambia lipa usiulize, wa pili anamwambia unaibiwa. Yote mawili hayamsaidii, ndiyo maana nimekaa leo niandike kwa kirefu.

Nianze na fundi mmoja. Miaka kadhaa nyuma alifika dirishani kwangu kijana wa miaka thelathini na kitu, fundi ujenzi, ana ngiri ya kinena. Kwa mengine yote alikuwa mzima: mifuko ya saruji anaipandisha ghorofani kwa bega, hajawahi kulazwa, hanywi dawa yoyote. Karatasi yake ilikuwa na vipimo kumi na vitatu: FBP (hesabu ya chembe za damu), sukari, yurea na kreatinini (vya figo), chumvi za damu (kama potasiamu), ini, kuganda kwa damu, kundi la damu, mkojo, VVU, homa ya ini B, picha ya kifua na ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Mfukoni alikuwa na hela ya nusu yake. Akaniuliza aanze na vipi. Nikamwambia arudi kwa daktari amuulize. Akasema foleni ni ndefu, bora akatafute hela kwanza, atarudi.

Alirudi baada ya miezi minne, saa nane usiku, ngiri imenasa tangu asubuhi, anatapika. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Karatasi iliyoshuka maabara usiku ule ilikuwa na mambo matatu: HB (wingi wa damu), kundi la damu, na chupa mbili za damu inayolingana naye. Daktari aliulizia pia potasiamu na kreatinini, na kwa mtu aliyetapika kutwa nzima vilikuwa na maana kubwa, lakini vitendanishi (dawa za kupimia) vya mashine vilikuwa vimeisha. Vimeisha kwa kuwapima watu wazima kama alivyokuwa yeye miezi minne nyuma. Akaingia thieta hivyo hivyo. Kipande cha utumbo kilikatwa. Alipona, nashukuru Mungu, lakini alikaa wodini zaidi ya wiki mbili kwa ugonjwa ambao angelala siku moja akarudi kwake.

Sijawahi kumsahau yule fundi. Alipokuwa mzima tulitaka majibu kumi na matatu kwake. Alipokuwa hatarini kuliko siku nyingine yoyote, kile tulichokihitaji kweli hatukuwa nacho.

Sasa niseme ninachokiamini. Kipimo ni swali. Anayeandika kipimo aweze kusema: jibu likitoka hivi nitafanya hili, likitoka vile nitafanya lile. Kama kwa majibu yote mawili mgonjwa ataingia thieta siku ileile, kwa nusu kaputi ileile na mpango uleule, swali hilo halikuwa na kazi. Na swali la kwanza kabisa huulizwa kwa mdomo, halina bei.

Jambo hili limepimwa na watu kwa miaka mingi. Mwaka 1985 lilichapishwa andiko Marekani kwenye jarida la JAMA, ambapo Kaplan na wenzake walipitia mafaili ya wagonjwa 2,000 waliopimwa kabla ya upasuaji. Waliona kwamba asilimia 60 ya vipimo visingefanyika kabisa kama kila kimoja kingehitaji sababu inayoonekana kwa mgonjwa mwenyewe. Na katika vipimo hivyo visivyo na sababu, vilivyoonyesha kasoro ambayo ingeweza kubadili matibabu vilikuwa asilimia 0.22. Yaani havifiki vitatu katika elfu moja.

Halafu kuna habari ya mtoto wa jicho, ambayo ndiyo safi kuliko zote. Mwaka 2000, kwenye jarida la New England Journal of Medicine, Oliver Schein na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 18,000 kutoka vituo tisa. Waliwagawa kwa bahati nasibu: nusu walipimwa ECG, FBP, chumvi za damu, figo na sukari kabla ya kutolewa mtoto wa jicho, nusu hawakupimwa kama desturi. Matatizo ya kiafya yalitokea mara 31.3 kwa kila operesheni 1,000 kwa waliopimwa. Kwa wasiopimwa? 31.3. Baadaye utafiti huo uliunganishwa na mwingine wa Brazil na wa Italia, jumla operesheni 21,531. Waliopata matatizo walikuwa 707: 353 upande uliopimwa, 354 upande usiopimwa. Tofauti ya mtu mmoja.

Kuna mtu atasema, "Sawa, hakuna faida, lakini hasara iko wapi? Pima tu." Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ndipo kazi yangu ilipo.

Kile tunachokiita "kiwango cha kawaida" kwenye karatasi ya majibu hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya, kisha kuchukua asilimia 95 ya katikati. Maana yake watu watano wazima katika kila mia watatoka nje ya kiwango hata kama hawana ugonjwa wowote. Hicho ni kipimo kimoja. Mtu mzima ukimpima vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka na alama ya nyota ni asilimia 64. Ukipima vya kutosha, utamgeuza mtu mzima kuwa mgonjwa wa karatasi. Kisha nyota hiyo lazima ifuatiliwe, irudiwe, aitwe bingwa, upasuaji uahirishwe.

Na hapo sijazungumzia sampuli mbovu. Chupa yenye kifuniko cha bluu, ya kupimia kuganda kwa damu, ina dawa ya majimaji ndani, na damu lazima ijae hadi kwenye mstari: sehemu tisa za damu kwa moja ya dawa. Ikijazwa nusu, dawa inazidi, damu inaonekana inachelewa kuganda. Nimewahi kupokea chupa ya mtoto wa miaka mitano aliyekuwa atolewe mafindofindo, imejazwa nusu. Ilipimwa hivyo, jibu likatoka refu, operesheni ikaahirishwa, mama yake akasafiri kilomita nyingi kurudi kijijini akiamini mwanawe ana ugonjwa wa damu. Tulipomwita tena tukajaza chupa vizuri, mtoto hakuwa na kitu. Potasiamu nayo hupanda kwa uongo kama chembe za damu zimepasuka kwa kutikiswa au kukaa muda mrefu njiani. Sukari hupanda kwa uongo ukitoa damu kwenye mkono uliotundikiwa dripu ya glukosi. Kila kipimo cha ziada ni mlango wa ziada wa makosa kama haya.

Kwenye hilo la kuganda kwa damu, mdomo unaishinda mashine. Muulize mtu: ulipotahiriwa damu ilikata kwa wakati? Ulipong'oa jino, ulitema damu hadi kesho yake? Hedhi yako inapitiliza, unatoa mabonge? Kuna mjomba au kaka anayevimba magoti bila kuanguka? Unatumia aspirini, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au dawa za kienyeji? Asipokuwa na lolote kati ya hayo, kipimo kitakupa kidogo sana cha nyongeza. Na mjue kwamba aspirini haionekani kabisa kwenye PT wala APTT, vile vipimo viwili vya kuganda kwa damu. Usipouliza, hutajua.

Miongozo imeshafuata ushahidi huu. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, mwaka 2016 ilitoa mwongozo unaotazama mambo mawili makubwa: ukubwa wa upasuaji na hali ya mgonjwa, kwa ngazi za ASA (mfumo wa madaktari wa usingizi wa kupanga wagonjwa), ambapo 1 ni mtu mwenye afya kabisa na namba inapanda kadiri ugonjwa unavyozidi. Kwa mtu wa ngazi ya 1 anayefanyiwa upasuaji wa kati, na ngiri ya kinena imetajwa humo kwa jina, FBP si ya desturi, figo si ya desturi, kuganda kwa damu wala ECG si vya desturi. Picha ya kifua haipigwi kama desturi kwa mtu yeyote. Upasuaji mkubwa ndipo FBP inakuwa ya kila mtu. Madaktari wa usingizi wa Marekani nao waliliweka hilo mwaka 2013 kwenye orodha yao ya mambo ya kuachwa: msiwapime damu za desturi watu wasio na ugonjwa mzito wanaofanyiwa upasuaji mdogo usiomwaga damu.

Naomba nisieleweke vibaya. Kuna vipimo ambavyo nikikuta havijafanyika nasimama mlangoni. HB kwa mama anayetokwa damu ya hedhi miezi sita na sasa anakwenda kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Kundi la damu na damu iliyotengwa, ikiwa imeshapimwa ulinganifu, kwa upasuaji wowote unaoweza kumwaga damu nyingi. Sukari kwa mwenye kisukari, asubuhi ileile ya operesheni. Kreatinini na potasiamu kwa mwenye figo mbovu au anayekunywa dawa za kukojoa na za presha. INR (kipimo cha kuganda kwa damu) kwa anayetumia warfarini. UPT (kipimo cha mimba kwenye mkojo) kwa mwanamke ambaye, baada ya kuulizwa kwa staha na kukubali, kuna uwezekano ana mimba. Selimundu kwa mwenye historia ya ukoo.

Ule utafiti mkubwa wa upasuaji Afrika uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2018, wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25, ulionyesha kwamba wagonjwa wetu wanakufa mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa ni vijana zaidi na wazima zaidi. Na vifo karibu vyote vilitokea baada ya operesheni, wodini, si mezani. Mimi nikisoma hivyo naona hela za vipimo vya fundi wangu zingenunua kitu bora: damu kwenye friji, muuguzi wa usiku, vitendanishi vya potasiamu kwa anayetapika.

Karibuni kwa maswali. Sitasoma majibu ya mtu nikamwandikia tiba humu, ila nitaeleza kipimo kinatafuta nini.

#2 Mama Pendo

Asante sana kwa uzi huu kaka, umenikuta pabaya. Mama yangu ana miaka 47, alipangiwa kutolewa uvimbe kwenye kizazi Jumatatu iliyopita hapa Morogoro. Tumejiandaa, wadogo zangu wamesafiri, hela tumekusanya. Juzi daktari ameangalia HB ni 7.9, akasema haingii thieta, kampa dawa za kuongeza damu na sindano, arudi baada ya wiki sita. Nyumbani wamekasirika sana. Mjomba anasema daktari anataka kitu kidogo. Na mimi nimesoma uzi wako nikaanza kuwaza, labda hicho nacho ni kipimo cha desturi tu?

#3 MtuWaMaabara

Mama Pendo, pole kwa mihangaiko. Hicho ndicho kipimo chenyewe. Kama ningeruhusiwa kubaki na kimoja tu kabla ya upasuaji wa mama yako, ningebaki na HB.

Kwa mwanamke asiye na mimba, Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya 12. Mama ana 7.9, na upasuaji wa uvimbe wa kizazi unaweza kutoa damu zaidi ya nusu lita. Aliyeanza na 13 anaivumilia. Aliyeanza na 7.9 hana akiba. Tazama jinsi jibu lilivyobadili mpango: tarehe imesogea, dawa zimeanza, damu itatengwa. Ndivyo kipimo kinavyotakiwa kufanya kazi.

Nchi yetu ina tatizo kubwa hapa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kwa hiyo kwa mwanamke wa Tanzania anayekwenda upasuaji wa maana, HB ina sababu hata kabla hajafungua mdomo.

Muulize daktari mambo mawili: kama mama amepewa dawa ya minyoo, maana safura nayo hunyonya damu kimyakimya, na kama kuna dawa ya kuizuia hedhi kwa muda ili anachokipata kisivuje tena. Vidonge vya madini ya chuma asivinywe na chai, chai inazuia visifyonzwe. Na nyie watoto nendeni mkachangie damu mapema, msingoje asubuhi ya operesheni. Mjomba mwambie kwamba aliyeahirisha hapo amemheshimu dada yake.

#4 Omolo wa Ziwa

Habari zenu. Nawasoma kutoka Kisumu. Baba yangu ako na miaka 74, ana pressure na sukari, anatakiwa kutolewa mtoto wa jicho. Wamesema alete vipimo vya damu, ECG na x-ray ya kifua. Sasa kwa hiyo study ya macho, nimwambie akatae?

#5 MtuWaMaabara

Hapana, asikatae. Aulize. Kukataa na kuuliza ni vitu viwili, na mzee wa miaka 74 hapaswi kuingia ugomvi na watu watakaomshika jicho.

Upasuaji wa mtoto wa jicho hufanywa kwa ganzi ya jicho, mgonjwa yuko macho, damu inayotoka ni kama hakuna, na kwa kawaida anarudi nyumbani siku hiyo. Ndiyo maana vipimo vya desturi havikusaidia. Lakini wale walioingizwa kwenye utafiti waliulizwa historia zao na kuchunguzwa na daktari kwanza, na likionekana jambo jipya lilipimwa. Kwa baba, ningetaka kujua: presha yake ikoje wiki hizi, sukari ya asubuhi hiyo ni ngapi, anaweza kulala chali nusu saa bila kukohoa wala kukosa pumzi, na dawa zake amezinywa. Kama kuna siku za karibuni amevimba miguu au anabanwa kifua akipanda ngazi, hapo ECG inakuwa na sababu, na ni sababu ya moyo wake, haihusiani na jicho.

Neno la kumwambia daktari ni hili: "Daktari, katika hivi, kipi kikitoka vibaya kitabadilisha operesheni ya baba?" Nimeona madaktari wengi wakikata mistari miwili mitatu wenyewe baada ya swali hilo.

#6 Tabibu wa Wilaya

Mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu, lakini hapa lazima nikupinge. Mimi ni tabibu, miaka 11 niko kituo cha afya chenye thieta. Hao wagonjwa wa NICE wana daktari wao wa familia, wana faili toka wamezaliwa. Mgonjwa wangu wa busha ana miaka 60, ukimuuliza kama ana kisukari anasema hapana, kwa sababu hajawahi kupimwa. Presha hapana, kwa sababu hajawahi kupimwa. Nimempima mmoja asubuhi ya operesheni nikakuta sukari 19. Ningefuata uzi wako ningemkata yule mzee na kidonda chake kingeoza. "Mtu mzima" kwetu ni mtu ambaye hatujamjua bado. Usiwape watu ujasiri wa kukataa vipimo ukiwa umekaa nyuma ya dirisha la maabara.

#7 MtuWaMaabara

Tabibu, umenigusa mahali pa kweli, na nakubali sehemu kubwa.

Kweli, neno "hapana" la mgonjwa wa Uingereza na "hapana" la mzee wako wa busha si sawa. La kwanza lina faili nyuma yake. Mwongozo ulioandikwa kwa watu wanaojijua hauwezi kubebwa kama ulivyo ukawekwa kwa watu wasiojijua. Ningeandika hilo kwenye bandiko la kwanza, na sikuandika.

Lakini tazama ulichokitumia kumwokoa yule mzee: tone la damu ya kidole na mashine ya mkononi, dakika moja. Ongeza presha ya mkononi, HB ya kidole, kijiti cha mkojo. Hivyo vinne ni rahisi, mgonjwa hafukuzwi kwenda kutafuta hela, na vinatafuta magonjwa yaliyojaa kwenye jamii yetu. Mimi ningeviunga mkono kwa kila mtu mzima anayekuja kwako bila historia. Ugomvi wangu uko kwenye vile vingine: ini, kuganda kwa damu, chumvi za damu na picha ya kifua kwa yuleyule mzee asiye na dalili, na ambavyo wewe mwenyewe kituoni kwako huna, kwa hiyo unamwandikia aende mjini.

Nikuulize kwa heshima: katika wazee wa busha uliowaagiza mjini wakapime ini, ni wangapi hawakurudi?

#8 Tabibu wa Wilaya

Ini siagizi. Kuganda kwa damu nilikuwa naagiza, kwa sababu bingwa tunayempelekea rufaa hawapokei bila hicho. Wasiorudi wapo, siwezi kudanganya. Hivyo vinne ulivyotaja tuko pamoja. Mwaka wa jana vijiti vya sukari vilitukosesha usingizi miezi miwili, havipo, wakati stoo ina vitendanishi vya vitu nisivyovihitaji. Hapo ndipo nilipokuelewa zaidi.

#9 Binti Nansio

Naomba kuuliza. Mtoto wa kaka yangu ana miaka sita, anakoroma sana, ameandikiwa kutolewa mafindofindo. Dada yake mkubwa ana selimundu. Huyu mdogo hajawahi kuumwa mifupa. Wamempima FBP tu. Inatosha?

#10 MtuWaMaabara

Haitoshi, na tafadhali usingoje siku ya operesheni kulisema. Piga simu au nendeni leo, mwambieni daktari na mtaalamu wa usingizi kwamba dada yake ana selimundu.

Kama dada ana ugonjwa kamili, basi kila mzazi amempa kirithi kimoja, na huyu mdogo naye alikuwa na nafasi moja katika nne ya kupata vyote viwili. Wapo watoto wanaofika miaka sita bila maumivu makubwa wakiwa na ugonjwa. Kanda ya Ziwa, ambako Nansio ipo, ni miongoni mwa sehemu zenye selimundu nyingi nchini, kwa hiyo swali hili huko lina uzito wa pekee.

Kwenye usingizi wa thieta, oksijeni ikishuka kidogo, mtoto akipata baridi au akikaa na kiu kwa kufunga muda mrefu, zile chembe zinageuka mundu na kuziba mishipa. Wakijua mapema wanampa maji ya dripu, wanamweka kwenye joto, na madaktari wanaweza kuamua kumwongezea damu kabla. Wasipojua, wanamtendea kama mtoto mwingine yeyote.

Ombeni kipimo kinachotofautisha mwenye vinasaba viwili na mwenye kimoja. Kile cha zamani cha kuangalia chembe zikijikunja kwenye kioo husema "ipo" tu, hakisemi kama ni mbebaji au mgonjwa.

Hapa niongeze jambo kwa wenye kisukari na selimundu kwa pamoja: kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kitawadanganya. Chembe za damu za mwenye selimundu haziishi muda mrefu, kwa hiyo jibu hutoka chini kuliko ukweli.

#11 Kijana wa Buguruni

Mimi nina majibu ya FBP na figo ya wiki saba zilizopita, yote safi, nilipima nilipoumwa. Nimefika hospitali nyingine, wanataka upya vyote. Pia wamenipima VVU bila kuniambia, nimeona kwenye risiti. Hiyo ni sawa?

#12 MtuWaMaabara

Majibu ya zamani: waonyeshe, usiyaache nyumbani. Kulikuwa na utafiti Marekani mwaka 1990 ulioangalia watu waliokuwa na majibu safi kabla ya upasuaji, kisha wakapimwa tena. Majibu yaliyobadilika kiasi cha kutisha yalikuwa machache mno, chini ya moja katika mia. Kama toka wiki saba zile hujaumwa upya, hujatokwa damu na hujaanza dawa mpya, una haki ya kuomba daktari ayatazame. Kundi la damu ni tofauti. Hilo hurudiwa kwa sampuli mpya kila unapotengewa damu, kwa sababu kosa la jina kwenye chupa linaua, na ulinganifu hupimwa kwa damu yako ya sasa.

VVU: hapana, haikuwa sawa. Sheria ya VVU na UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inataka ridhaa yako, ukiacha mazingira machache yaliyotajwa na sheria yenyewe. Kupima ni jambo jema, mimi mwenyewe nawahimiza watu, kwa sababu anayejua hali yake anaanza dawa na kidonda chake kinapona vizuri. Ila jibu lake halipaswi kuwa tiketi ya kuingia thieta. Na halimlindi daktari wa upasuaji, maana mtu anaweza kuwa kwenye wiki za mwanzo ambapo kipimo bado hakioni. Kinachomlinda ni kuvaa glovu na kushika sindano kwa tahadhari ileile kwa kila mgonjwa. Mtafute msimamizi wa maabara au ofisi ya malalamiko ya hospitali, zungumza kwa utulivu, udai pia ushauri nasaha ambao hukupewa.

#13 Nesi wa Thieta

Niongeze la kwetu thieta. Ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ambayo Ifakara ilikuwa moja ya sehemu nane duniani zilipoijaribu, haina sehemu inayosema "vipimo kumi na vitatu vimefanyika?" Kabla ya usingizi inauliza jina la mgonjwa na sehemu ya kukatwa, aleji, njia ya hewa, na hili: je, kuna hatari ya kupoteza damu zaidi ya mililita 500, na kama ipo, mishipa na maji viko tayari? Kwenye majaribio hayo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ninachokiona kazini ni faili nene lenye majibu yote, halafu tunauliza damu iko wapi, tunaambiwa ndugu hawajachangia.

#14 MtuWaMaabara

Nesi, umesema kwa mistari sita nilichokizunguka kwa kurasa. Asante.

#15 Mama Pendo

MREJESHO. Samahani nimekaa kimya, ni wiki ya tisa leo. Mama alitumia vidonge na sindano za kuongeza damu, akapewa dawa ya minyoo, na daktari alikubali kumpa dawa ya kusimamisha hedhi nilipomuuliza. Wiki ya sita HB ilikuwa 10.4, wakamwongezea wiki mbili, ikafika 11.3. Mimi na mdogo wangu tulichangia damu siku kumi kabla. Mjomba naye alichangia, hakusema kitu.

Amefanyiwa Jumanne. Vilitolewa vivimbe vinne. Mara hii karatasi ya vipimo ilikuwa fupi: HB, kundi la damu na ulinganifu, kreatinini na UPT. Nilimuuliza daktari kreatinini ya nini, akanieleza vizuri kwamba uvimbe ulikuwa unaegemea mirija ya mkojo, alitaka kujua figo ziko salama. Damu iliyotengwa ilikuwa chupa mbili, ilitumika moja. Ya pili imerudi benki ya damu. Leo amekunywa uji.

#16 MtuWaMaabara

Mpe pole nyingi mama. Kabla ya kuruhusiwa muulizie HB ya baada ya operesheni, na vidonge vya chuma asiache hadi kliniki. Na chai bado apishanishe navyo.